Zambarau ya Mama Pascaline

Kila Ijumaa baada ya masomo, watoto wa katekisimu wa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, waliizunguka tableti moja ya kanisa. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusomea Biblia, na Mwalimu Ancilla aliwafundisha kujitengenezea rangi: unachagua rangi, unaipa jina lako, kisha unapitisha kidole juu ya aya uliyoipenda. Larissa alikuwa na manjano.

Zambarau iliitwa "Mama Pascaline". Mama huyo alipougua, Mwalimu alimpelekea tableti kitandani, na mama akawa anamsomea bintiye Pascaline, mmoja wa watoto hao, na kumpakia rangi aya moja moja, mpaka wiki aliyofariki. Pascaline hakubaki na picha yake hata moja. Alibaki na zambarau.

Ijumaa moja Mwalimu alitangaza kwamba Pascaline ndiye angekwenda mjini Mbarara kwenye mashindano ya Biblia. Larissa, aliyejua aya kuliko wote, alihisi kifua kikiwaka kwa wivu.

"Anapewa kwa sababu ya kulialia," alinong'ona.

Pascaline alipotoka kunywa maji, Larissa alifungua orodha ya rangi, akagusa zambarau, akabonyeza "Futa". Programu ikauliza: "Alama zote za rangi hii zitaondoka. Unataka kuendelea?" Larissa alilisoma swali mara mbili. Kisha akabonyeza "Ndiyo".

Pascaline alirudi, akafungua Zaburi. Nyeupe. Akafungua Mathayo. Nyeupe.

"Mama yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Labda amekuchoka," alisema Larissa. "Amekuja kuchukua vitu vyake."

Watoto wawili wakacheka.

Pascaline akakataa kushindana, na nafasi yake akapewa Larissa. Siku ya mashindano, Mwalimu aliwachukua wote wawili mpaka Mbarara, ili kwanza wapitie kwa Sulaiman, fundi wa simu, aone kama zambarau ingeweza kurudishwa. Sulaiman aliichokoachokoa tableti, akatikisa kichwa.

"Nyabo," alimwambia Mwalimu kwa heshima, "hii haijaingia intaneti hata siku moja. Hakuna nakala fasi yoyote, mahali popote. Imekwenda." Akawatazama wasichana. "Lakini haifuti hivi hivi. Inauliza kwanza. Nani alisema ndiyo?"



"Labda ni mimi," alisema Pascaline. "Labda kidole changu kiligusa vibaya. Nimemfuta mama yangu mwenyewe." Akaanza kukigonga kidole hicho kwenye ukingo wa meza. Pa. Pa. Pa. Ngozi ikachubuka.

Larissa akamdaka mkono. "Acha! Ni mimi! Iliniuliza, nikasema ndiyo!"

Pascaline akauchomoa mkono wake. "Usiniguse."

Siku hiyo Nakivale haikuwa na mshindani. Mwalimu Ancilla hakumpiga Larissa. Alimkabidhi tableti tu. "Utamsomea yote," alisema, "tangu ukurasa wa kwanza."

Kwa miezi mitatu, kila alasiri, Larissa alisoma kwa sauti huku Pascaline amempa mgongo. Aya aliyosomewa na mama yake ilipofika, Pascaline alisema neno moja tu: "Hapo." Larissa akaipaka zambarau. Siku nyingine neno hilo halikusikika kabisa, na watoto wengine walipita dirishani wakimzomea: "Mfutaji! Mfutaji!"

Walipofika aya ya mwisho, alama zilikuwa sitini na tatu.

"Zilikuwa ngapi?" Larissa aliuliza. Koo lilikuwa limemkauka.

"Mingi kuliko hizo," alijibu Pascaline. Akageuka, kwa mara ya kwanza, akamsogezea kikombe chake cha maji.

Mwalimu Ancilla, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja akaketi kati yao.

"Kufuta kulitaka kidole kimoja, mwanangu," alimwambia Larissa. "Kurudisha kumekula sauti yako miezi mitatu, na alama bado hazijatimia. Wivu ukikushika, moyo nao huuliza kwanza kama ile programu. Jibu hapana, wakati bado unaulizwa."