Magoti Mbele ya Jukwaa

Ngoma ndogo zote zilikuwa mahali pake. Kubwa ndiyo iliyoondoka.

Inspekta Zita Buhoro wa polisi ya Buffalo, Marekani, alisimama katika chumba cha chini cha kanisa, mtaa wa Riverside, akitazama duara safi lililobaki kwenye vumbi la jukwaa. Hapo ndipo ilipokuwa imesimama inkiranya, ngoma kuu ya Warundi inayoongoza nyingine zote, gogo zima lililochongwa na kuvikwa ngozi ya ng'ombe. Uzito wake haukupungua mfuko wa saruji. Bila hiyo, zilizobaki zilikuwa za kupigia kelele tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Agosti 2016. Alasiri ya siku hiyo hiyo wapiga ngoma wa Riverside walitakiwa kufungua tamasha la sanaa katika mji mdogo wa Kanada, ng'ambo ya mto Niagara. Huko kulikuwa na wachongaji, wafinyanzi, wapiga fidla, kila mtu wa mji ule mwenye mikono inayojua kitu. Hawa wa Riverside walitoka kambini Tanzania wakaishia kupakia maboksi ghalani, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewaita jina jingine zaidi ya wakimbizi. Barua ya mwaliko iliwaita wasanii.

"Nani aliiona mara ya mwisho?" Zita aliuliza.

"Mimi, afande. Jana jioni." Zabroni, kiongozi wa kikundi, alikuwa ameshavaa vazi lake jekundu na jeupe. "Nilifunga mlango mwenyewe."

"Baada ya hapo?"

"Tulikwenda kazini sote, zamu ya usiku. Gari moja, ghala moja, tumerudi pamoja. Uliza msimamizi."

Zita aliuliza, na msimamizi akathibitisha kwa simu. Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa za kila aliyewahi kuimba humo ndani, kwa hiyo hazikufaa kitu. Mbele ya jukwaa palikuwa na alama mbili za magoti kwenye vumbi, na nyuma yake vumbi limefagiwa kama kwa upindo wa nguo. Zita alizipita. Kanisani watu hupiga magoti, wasipopiga hapo wapige wapi?

Nje ndiko kulikokuwa na habari. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye tope la njia ya nyuma zilionekana nyayo za mabuti ya mpira, ya kiume, zimezama sana, zikielekea barabarani. Hapakuwa na mburuzo wala alama ya gurudumu. Ofisa wa doria alizipiga picha.

"Mtu mmoja," Zita alisema. "Na hakupumzika hata mara moja. Aliibeba kichwani."

"Ndivyo inavyobebwa," Zabroni alijibu kwa fahari. "Ngoma haiviringishwi chini. Wapigaji tunaitwika kichwani."

"Nyie wote mlikuwa ghalani. Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mchungaji, na yuko safarini. Mwingine ni Salomon wa kwaya ya Wakongo. Huyo aliomba nafasi yetu kwenye tamasha akanyimwa. Mimi simtaji mtu, afande, lakini huyo ndiye."

"Ufunguo hauazimwi? Kwa mwanamke wa usafi, kwa mfano?"

Zabroni alicheka kidogo. "Wanawake huingia kufagia. Lakini ngoma haiguswi na mwanamke. Ni mila. Hao waache."

Zita akawaacha. Alizaliwa Kasulu, akaletwa Buffalo utotoni na baba aliyekuja kusoma, na wakubwa wake walimtupia kila kesi yenye jina la Kiafrika, hata za Wasomali ambao lugha yao haijui. Mtu akimwambia hii ni mila, alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa, asije akaonekana amesahau kwao. Tabia hiyo ingemgharimu asubuhi ile.

Salomon alimpokea kwenye baraza ya nyumba yake, upande wa Kensington-Bailey. Aliposikia kilichomleta inspekta hakukasirika. Alifunua shati akaonyesha mkanda mpana uliomkaza kiuno.

"Bon, Inspekta, angalia. Ghala ilishakula mugongo yangu. Hata mufuko ya muchele ni watoto wanabebaka."

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Uko hapa. Lakini ufunguo si kitu. Wamama wa kufagia wanaacha ule mulango wazi kila Ijumaa usiku, kila mutu anajua."

"Ulinyimwa nafasi kwenye tamasha. Hukuumia?"

"Niliumia. Donc, nitaiba ngoma nifanye nayo nini? Mimi niko mwimbaji."

Zita alimweleza kuhusu nyayo, kwamba mwizi alikuwa peke yake na aliitwika ngoma kichwani. Salomon alianza kucheka, akakumbuka mgongo, akajishika kiuno.

"Ku kichwa? Mwanaume? Kwetu Kivu, mwanaume akibeba muzigo ku kichwa, watu wanaulizaka kama muke yake alikufa."

Zita hakucheka. Alifika kwenye gari, akashika ufunguo mkononi, akabaki amesimama. Alimwona mama yake kule Kasulu na mzigo wa kuni, na mihogo, na maji, akipanda mlima bila mkono kugusa mzigo. Alimwona kila mwanamke wa kijiji kile. Asubuhi nzima alikuwa akitafuta wanaume kwa sababu mwanaume mmoja alimwambia wanawake waachwe, naye kwa ukali wake wote wa uaskari akaimeza kauli hiyo kama kidonge.

Zile alama hazikuwa za mtu aliyesali. Zilikuwa za mtu aliyejitwika.

Alirudi kanisani. Ukutani, karibu na mlango, lilibandikwa bango la tamasha ambalo mwanzo hakulitazama vizuri. Katikati ya picha za mfinyanzi na mpiga fidla alikuwepo msichana wa Kirundi, fimbo mbili juu, mdomo wazi kwa furaha. Msichana mwenyewe alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, bendera imelazwa magotini. Jina lake Goreth, mwaka wa kwanza chuoni.

Zita alimuuliza kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa mtaa ule. Alijifunza kupiga kwenye ndoo za plastiki, jikoni kwa bibi yake, kwa sababu hakuna aliyemruhusu kusogelea ngoma. Watu wa tamasha waliona video yake na ndoo zake, wakaandika barua. Walimtaka yeye, na Zabroni aliwajibu ndiyo. Akiongea, vidole vyake vilikuwa vikicheza kwenye chuma cha ngazi: mara mbili pembeni, kikavu, ndipo vinaingia katikati. Alikuwa hajui kama anafanya hivyo.

"Leo unapiga ngoma gani?"

Alisema juzi Zabroni alimwambia atashika bendera tu. Hakulia. Alikuwa ameshamaliza kulia, na hasira ilikuwa imekaa mahali pa machozi.

"Nani mwingine anajua?"

"Bibi," alisema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Nyumba ya Bibi Mukabutera ilikuwa mtaa wa nyuma, karibu na mto. Mumewe, marehemu Liberati, ndiye aliyeichonga ile ngoma kutoka kwenye gogo la mti ulioangushwa na dhoruba. Bibi mwenyewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Alifungua mlango kabla Zita hajamaliza kubisha.

"Karibu, mwanangu. Nilidhani utafika mapema zaidi."

Kando ya mlango yalisimama mabuti ya mpira, makubwa, yana tope. Kupitia dirisha la jikoni Zita aliiona ngoma uani, imewekwa juu ya mkeka, ngozi imeelekezwa juani.

"Viatu hivi vya nani, mama?"

"Vya marehemu."

"Marehemu hakutembea alfajiri ya leo."

"Hapana. Nimetembea mimi."

"Nani alikutwika?"

"Hakuna. Wafagiaji waliuacha mlango wazi. Nilipiga magoti mbele ya jukwaa, nikakunja kitenge kikawa kata ya kichwani, nikaivuta mpaka ikakaa kichwani, nikainuka. Kambini nilibeba mizigo mibaya kuliko huo, na mtoto mgongoni. Hakuna aliyekuja kupima nyayo zangu."

"Na hapo juani inafanya nini?"

"Ngozi imelala kwenye unyevu. Bila jua itakohoa tu. Leo nataka ilie."

"Mwizi anaiandaa ngoma ipigwe?"

"Sikuichukua ili inyamaze." Mukabutera alivuta kiti akaketi, mikono juu ya meza, ikiwa imebabuka kwa sabuni za kiwandani. "Sikiliza nikuambie yote, usije ukasema nilificha. Zabroni alitaka sura ya Goreth kwenye bango. Mikono yake haitaki. Amemtumia mtoto kama chambo, akapata mwaliko, sasa anampa bendera ashike. Anasema mwanamke haigusi ngoma. Ngozi ile ni nani aliikwangua? Liberati alikuwa ameshaugua, hawezi kushika kisu. Niliikwangua mimi, nikaiwamba mimi, na mume wangu akaniomba ninyamaze, nikanyamaza. Mikono ya mwanamke iko kwenye ngoma ile tangu siku ya kwanza, na wote wameipiga. Mjukuu wangu asipopiga, haivuki daraja. Nifunge."

Zita alitoa kalamu.

"Andika," Mukabutera alisema. "Jina langu lote. Andika kwamba mwanamke ameigusa, ameibeba, na haikupasuka."

Zabroni aliitwa akaja, na wenzake wakajipanga nyuma yake uani. Alipoisikia habari ya ngozi aliitazama mikono ya Mukabutera. Kisha hofu yake ikamtoka mdomoni, wala haikuwa ndogo. Wazee wa Kirundi wa mji wa Louisville walikuwa wameshaonya, na wa Columbus vilevile, kwamba kikundi kikimpandisha msichana kwenye ngoma kuu hakitaalikwa tena popote na Warundi wenzao. Yeye alikuwa ametoka kwao bila shamba wala nyumba. Ngoma na mila yake ndivyo tu alivyobaki navyo, na aliogopa navyo vikibadilika hatajua tena yeye ni nani.

"Amekiri, afande," alisema mwishowe. "Mfunge."

"Sawa. Wewe ni mlalamikaji, weka sahihi hapa. Ngoma inakuwa kielelezo. Itakaa stoo ya polisi mpaka kesi iishe."

"Mpaka lini?"

"Kwa mahakama zetu? Theluji itaanguka na kuyeyuka."

Wapigaji walinong'onezana. Zabroni alipangusa uso. "Na nikisema sina malalamiko?"

"Basi sina jalada. Nilikuja kunywa chai."

"Chai bado," Mukabutera alisema bila kuinuka. "Kwanza aseme mbele yako nani atapiga. Asiposema, nashtakiwa, na ngoma iende stoo. Mimi siogopi theluji."

Zabroni alimtazama mpigaji mmoja, akamtazama mwingine, na hakuna aliyemsaidia.

"Goreth," alisema. "Goreth atapiga."

Kijana mmoja alisogea kuitwika ngoma. Mukabutera alimzuia kwa mkono tu, akafungua kitenge chake, akakikunja kata, akampa mjukuu wake. Goreth alipiga magoti. Alitetemeka wakati wa kuinuka, shingo ikakaza, kisha akatembea na ngoma mpaka kwenye gari, na wanaume wa Riverside wakampisha njia.

Mukabutera hakuvuka nao. Karatasi zake za makazi zilikuwa hazijatoka, na bila hizo angekwama mpakani. Alasiri alikwenda kukaa kwenye benchi la bustani ya ukingoni, na Zita, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, akakaa naye. Ng'ambo yalionekana mahema meupe na watu wadogo wadogo. Upepo ulikuwa unatoka huko.

"Ahadi ameitoa upande huu," Mukabutera alisema. "Kule wewe si afande wa mtu."

Zita alijua. Tangu wavuke hakuwa na jingine kichwani.

Ngoma ndogo zilianza, zikaja juu ya maji zikiwa zimekonda lakini safi. Watu waliokuwa wakivua samaki waligeuza vichwa. Kisha ngoma kuu ikaingia, nzito, ya taratibu, ya mtu mwenye kifua na miaka. Mukabutera aliinamisha kichwa.

"Huyo Zabroni," alisema.

Zita aliona vidole vya yule mama vikikamata kitenge, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya uaskari alijuta kwamba hakumfunga mtu pingu.

Ngoma kuu ilinyamaza. Ndogo ziliendelea, zikingoja. Ndipo likaja juu ya maji pigo kavu la pembeni, na la pili, kama la mtu aliyejifunza kwenye ukingo wa ndoo. Halafu mikono ikaingia katikati ya ngozi, kwa kasi, kwa hasira, kwa furaha isiyoomba ruhusa, na ng'ambo nzima ikapiga kelele.

Mukabutera alisimama. Aliangalia mto ambao hakuruhusiwa kuuvuka, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Andika na hilo, mwanangu," alisema.