Nani Anakata Maharage?

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Mama Cherehani alikwenda kwanza kuyaamkia maharage yake. Watu walimtania kwamba anayajulia hali maharage kuliko anavyomjulia hali mumewe, fundi baiskeli. Hakubisha. Shamba lilikuwa dogo, nyuma tu ya nyumba, mistari kumi na minne mpaka kwenye majani marefu ya porini. Lakini shamba hilo ndilo lililoweka chakula sahanini.

Asubuhi moja alifika mstari wa mwisho, akasimama ghafla. Miche kumi na tisa haikuwa na vichwa. Ilikuwa imekatwa, tena imekatwa mshazari, laini kabisa, bila uzi hata mmoja kuning'inia. Aliinama akapitisha kidole kwenye shina lililokatwa.

Mama Cherehani alikuwa amekata vitambaa kwa miaka kumi na mitano. Kama kuna kitu alichojivunia kukijua, ni ukingo uliopitiwa na mkasi.

"Huu ni mkasi," alisema peke yake. "Tena mkasi mkali."

Katika nyumba ile mikasi mikali ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa wa wifi yake.

Wifi, dada wa mumewe, alikuwa amerudi kwa kaka yake mwaka uliopita baada ya ndoa kumshinda. Alipewa chumba cha uani. Mama Cherehani alimfundisha kushona, na kwa miezi kadhaa waliketi bega kwa bega wakicheka mpaka wateja wanasahau walichojia. Kisha wifi aliomba mistari miwili ya shamba ajilimie mwenyewe. Mama Cherehani alikataa. Wifi alisema tu, "Haya, shamba ni lako." Tangu siku hiyo walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho.

Sasa Mama Cherehani alirudi mbiombio, mche mkononi. Wifi alikuwa uani, anafua.

"Wifi, umenifanyia nini shambani?"

"Shambani? Mbona sijafika huko tangu juzi."

"Usinifanye mtoto. Maharage yangu yamekatwa na mkasi."

Wifi alitoa mikono kwenye povu. "Mimi nikate maharage? Si ndiyo ninayokula?"

"Umekata kwa sababu nilikunyima mistari!"

Kama angeishia hapo, pengine yangekwisha. Lakini hasira ilikuwa imempanda kichwani. Alitoka mpaka barabarani akaita watu. Jirani mmoja mfuga kuku, ambaye kila mtu alimwita Baba Kuku, alikuja mbio akidhani kuna moto. Wengine wakafuata. Mama Cherehani aliwaonyesha mche, akawaonyesha na mkasi wa wifi yake aliouchukua chumbani, akauliza kwa sauti kama kuna asiyeona.

Baba Kuku alitikisa kichwa. "Makubwa haya."

Wifi alimgeukia kaka yake aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Kaka, na wewe? Unanijua tangu tukiwa wadogo. Sema kitu."

Fundi baiskeli alijua dada yake hawezi kufanya jambo lile. Alijua, na maneno yalikuwa mdomoni. Lakini aliona uso wa mkewe, akafikiria amani ya nyumba yake. "Mambo ya wanawake hayo," alisema. "Mtamalizana wenyewe." Akarudi ndani na chai yake.

Kufika saa sita wifi alikuwa amefunga nguo zake kwenye shuka. Alikwenda kupanga chumba karibu na mashine ya kusaga. Alitundika kibao cha ushonaji, lakini nani angempelekea kitambaa? Habari zilikuwa zimemtangulia. Wanawake walipita mlangoni pake wakinong'ona, "Huyo ndiye anayekata vitu vya watu." Baada ya wiki mbili kibao kilishuka. Wifi akawa anafulia watu nguo.

Na maharage? Kesho yake baada ya wifi kuondoka, ilikatwa miche thelathini na mmoja. Siku iliyofuata, arobaini na minne.

"Anarudi kwa kujificha," Mama Cherehani alisema. Hapo ndipo angeweza kujiuliza. Hakujiuliza. Mtu akishamsingizia mwenzake mbele ya watu, ni vigumu kurudi nyuma. Anaona heri aendelee kushikilia neno lake.

Wiki ya tatu alikuja bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lile, kuchukua suruali yake iliyotiwa kiraka magotini. Alikuta Mama Cherehani analia juu ya cherehani. Kati ya mistari kumi na minne, mitano ilikuwa imekwisha. Alisimuliwa kisa chote, wifi na mkasi.

"Nipeleke nikaone," alisema bibi shamba.

Huko shambani hakutazama miche kwanza. Alipiga magoti pale pale ardhini, bila kujali nguo zake, akaanza kupekua majani. Aliokota vidonge vikavu vya mviringo, akavivunja kwa kidole. Ndani vilikuwa nyasi tupu.

"Unajua hii ni nini?"

"Mavi ya mbuzi."

"Ya mbuzi ni marefu kidogo, na yana mng'ao. Haya ni ya sungura wa porini. Sasa tazama mche. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Yeye huvuta, mmea unachanika, nyuzi zinabaki. Sota, wale funza wa udongoni, hukata shina chini na kuuacha mche umelala pale pale. Hapa vichwa viko wapi?"

Mama Cherehani alitazama huku na huku. Hakukuwa na kichwa hata kimoja chini.

"Vimeliwa," alisema bibi shamba. "Sungura ana meno makali ya mbele, juu na chini. Hukata mshazari, safi, kama hivi. Mtu akikata kwa chuki, anakata akuachie uone. Hachuchumai akaanza kula majani mabichi ya maharage."

Mama Cherehani alikaa chini kwenye udongo. Miaka kumi na mitano ya kushika mkasi ilikuwa imemdanganya.

"Lakini sungura wapo siku zote," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Mbona zamani hawakunimaliza hivi?"

"Ndiyo nataka kukuuliza. Mbweha wenu wako wapi?"

Mama Cherehani alijua waliko. Miaka miwili nyuma mbweha walikuwa wamechukua kuku wanne wa Baba Kuku. Baba Kuku na fundi baiskeli walitia sumu kwenye nyama wakaitupa porini. Walikufa mbweha kumi na mmoja, wakapangwa kando ya barabara, na watu wakaja kupiga picha. Walikufa pia bundi na mbwa wawili, lakini hao hawakupigwa picha. Mama Cherehani alikuwa mmoja wa walioshangilia.

"Sungura jike huzaa mara kadhaa kwa mwaka," alieleza bibi shamba. "Mtoto wa sungura wa porini huzaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya muda mfupi anakula mwenyewe. Zamani wengi waliliwa na mbweha, bundi na paka pori. Mmewaua walaji. Halafu mvua mbili nzuri zimefuatana, na majani yako haya marefu ni nyumba ya kujificha. Sungura wakizidi, wanakuja mezani kwako."

Baba Kuku, aliyekuwa akichungulia mpakani, alidakia. "Basi si rahisi? Sumu nyingine ninayo. Tuwatilie sungura."

"Hiyo ndiyo iliyowafikisha hapa!" bibi shamba alifoka. "Sungura akila sumu, anakwenda kufa mbali. Mbwa anamla, mbwa anafa. Mtu anamwokota, anampika, anawalisha watoto wake. Usitege sumu. Na ukimkuta sungura amekufa bila kujua kilichomuua, usimle, wala usimshike kwa mikono mitupu."

Baba Kuku akarudi kwake amenuna.

Kazi ikaanza. Kwanza bibi shamba alimfundisha kuhesabu. Walipima miraba minne kando ya shamba kwa utepe wa kupimia nguo, kila mraba mita moja kwa mita moja, wakaweka vijiti pembeni. Waliokota mavi yote yaliyokuwemo. Baada ya siku saba Mama Cherehani alirudi kuhesabu mapya.

"Macho hudanganya," alisema bibi shamba. "Ukiona sungura watatu kwa siku moja, utasema wamejaa. Usipowaona, utasema wamekwisha. Hesabu ya kila wiki, mahali pale pale, ndiyo itakayokuambia kama wanaongezeka au wanapungua."

Wiki ya kwanza alihesabu mia mbili na kumi na mbili. Aliandika kwenye daftari la wateja kwa sababu hakuwa na jingine. Ukurasa mmoja ukasomeka: kifua, kiuno, nyonga, mavi. Mumewe alipouona alicheka mpaka akashika ukuta. Mkewe alimtazama tu. "Cheka. Dada yako anafua nguo za watu." Fundi baiskeli aliacha kucheka.

Ni yeye aliyejenga uzio. Alitumia wavu wa waya wenye matundu madogo, ule wa mabanda ya kuku, uliofika kiunoni. Waya uliozidi chini hawakuukata. Waliukunja kuelekea nje kwa upana wa mkono, wakaufukia, ili sungura asiweze kupenya chini yake. Walifyeka majani marefu hatua kumi kutoka shambani. Baba Kuku naye, baada ya kununa siku tatu, alijenga banda imara na kuanza kuwafungia kuku wake jua likizama. Sumu iliyobaki alimkabidhi bibi shamba iende kuharibiwa inavyotakiwa.

Wakapanda upya mistari iliyoliwa. Baada ya uzio, hakuna mche hata mmoja uliokatwa. Nje ya uzio hesabu ilikwenda polepole: mia mbili, mia moja na themanini, mia mbili tena. Mama Cherehani alikata tamaa.

"Vumilia," alisema bibi shamba. "Idadi ya wanyama hupanda na kushuka. Kiangazi huwapunguza, maradhi huwapunguza, na walaji wao wakirudi huwapunguza. Hatutaki waishe. Tunataka wasizidi." Kisha akauliza, "Na wifi yako, umeshamwambia?"

"Nitakwenda wiki ijayo."

Wiki ijayo ikawa mwezi. Mwezi ukawa msimu. Ilikuwa rahisi kwake kupiga magoti mbele ya mavi ya sungura kuliko kubisha hodi kwenye chumba kile. Alikwenda baada ya mavuno, debe la maharage kichwani.

Wifi alifungua mlango. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Ilikuwa sungura, wifi," alisema Mama Cherehani. "Nilikukosea. Nisamehe."

"Najua ilikuwa sungura. Bibi shamba aliniambia siku ile ile. Nimekaa hapa miezi minne nikingoja uje."

"Niliona aibu."

"Sungura ulimhesabia mavi kila wiki, ukaandika kwenye daftari. Mimi ulinihukumu hata chai hujanywa." Wifi hakupaza sauti. "Tena ulinishtaki barabarani, watu wote wakiwepo. Leo umekuja kuniomba radhi mlangoni, tuko wawili. Rudi na debe lako."

Mama Cherehani alirudi nalo, linamlemea kuliko lilivyomlemea alipokwenda.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa wakulima kwenye uwanja wa shule. Bibi shamba alimwomba Mama Cherehani aeleze alivyohesabu. Alisimama na daftari lake, akaeleza miraba, uzio, na hesabu iliyoshuka mpaka tisini na sita baada ya kiangazi. Baba Kuku alisema amesikia mbweha wakilia tena ng'ambo ya pori, na kuku wake wote wapo. Watu wakapiga makofi.

"Sijamaliza," alisema Mama Cherehani. "Mlinisikia nikisema wifi yangu amekata maharage yangu. Hakukata. Nilimsingizia, na nilipojua ukweli nikauficha miezi mitano. Mlimnyima kazi kwa uongo wangu."

Fundi baiskeli aliinuka taratibu. "Mimi nilijua siku ile ile kwamba dada yangu hawezi. Nikanywa chai." Akaketi, ameinamisha uso.

Wifi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na lango. Mkutano ulipokwisha, mwanamke mmoja alimsogelea, akamnyooshea kitambaa cha gauni. Kisha mwingine akamuuliza kama anashona sare za shule. Mama Cherehani alingoja mpaka wakaondoka.

"Wifi, rudi nyumbani. Chumba chako kipo. Mistari miwili nimekutengea, ndani ya uzio."

Wifi alimtazama. Macho yake hayakuwa na hasira tena, na hilo lilimuuma Mama Cherehani kuliko hasira.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini kurudi, hapana. Nyumba ile, kila kitu kitakachokatika, mtanitazama mimi kwanza."

Akaweka kitambaa kwapani, akaenda zake.