Mama Anatangaza Treni

Stesheni ilifurika watu, lakini fundi wa seva alimwona mmoja tu: binti wa gauni la kijani, amesimama chini ya spika, macho ameyafumba.

"Dada, unasali au umelala?"

"Namsikiliza mama." Akafumbua macho. "Hiyo sauti inayotangaza treni ni yake. Tulimzika mwaka juzi."

Fundi alihisi baridi shingoni. Lakini penzi halina adabu; kabla hajaondoka alikuwa na namba yake ya simu. Binti alikuwa karani wa chumba cha mitambo hapohapo. Zikafuata simu za "umekula?" na "kata wewe kwanza", mpaka wauza tiketi wakawabatiza jina la maharusi. Mara moja tu fundi aliteleza ulimi: "Mpenzi, marehemu si aachwe apumzike?" Binti alinuna kutwa nzima.

Kisha taa ya hatari ikawaka kwenye seva. Matangazo yalihifadhiwa humo, kwenye diski mbili zenye kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Binti akasoma kwenye skrini: "Mbovu ni namba moja, mpenzi."

Fundi akachomoa ya kwanza. Kila fundi anajua seva huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo namba moja ni ya pili, naye alijua fika. Ila mkono ulikuwa kwenye mashine, macho kwenye gauni la kijani. Ile mbovu iliyobaki ikakoroma, ikakata roho. Spika zikanyamaza stesheni nzima.

"Ulitaka apumzike," binti akasema huku machozi yakimtoka. "Ndiyo umemnyamazisha?"

"Haki ya Mungu, sikukusudia!"

"Toka."

Alimpigia na kumpigia, binti hakupokea. Karakana ya fundi ilikuwa na sheria yake: diski iliyotolewa kwa mteja hutobolewa kwa keekee, siri zisivuje. Akaibana mezani, roho ikimuuma. Ncha ya keekee ilipokaribia chuma, sauti tulivu ya mwanamke ikatoka ndani ya diski, ingawa diski haikuunganishwa na umeme.

"Abiria, tafadhali subirini."

Keekee ikamponyoka. Alipoweza kupumua aliigeuza ile diski. Kwenye kishikio paliandikwa sifuri. Akaazima simu ya jirani.

"Usikate! Nilichomoa diski nzima, nikaacha mbovu. Mama yupo. Nakuja naye, ukishamsikia ndiyo unifukuze."

Binti alimpokea bila salamu, leo kavaa nguo nyeusi. Fundi akaisukuma diski kwenye nafasi yake. Taa ya kijani ikameta, spika zikakwaruza: "Treni ya saa kumi inaingia jukwaa la pili."

Binti akakaa sakafuni, akalia kama mtoto. "Nilidhani unamwonea wivu."

"Namwonea! Kila siku unafumba macho kumsikiliza yeye, si mimi."

Akacheka katikati ya kilio. Fundi akapiga goti papo hapo. "Nikuoe?"

"Kamuulize mama kwanza," akatania.

Spika zikakwaruza tena. "Abiria wawili waliochelewa, njia ni nyeupe. Pandeni."

Fundi alilitafuta tangazo hilo kwenye diski, faili baada ya faili. Halikuwemo. Binti hakutafuta chochote. Alimshika fundi mkono.

"Umemsikia mama. Twende."