Valvu Zilizovuka Bila Ushuru

Wewe, una uhakika gani kwamba u hai?

Usinijibu kwamba unapumua. Generoza naye alikuwa anapumua, anakula, anagombana na wateja, na bado ilifika siku mji mzima wa Bariadi ukampita kama watu wanavyokipita kivuli cha nguzo. Kwa hiyo jibu swali vizuri. Nani anajua kwamba u hai, na huyo mtu akiulizwa mbali na wewe, atasema nini?

Generoza, binti Bundala, alikuwa fundi redio. Wanaume waliomletea redio zao walitafuta kwanza fundi mwenyewe yuko wapi, wakachungulia hadi nyuma ya pazia, naye aliwaacha wachungulie. "Mkimpata mniitie," aliwaambia, "na mimi nina maswali." Kazi alifundishwa na padri mmoja mzungu aliyechoka kusubiri mafundi watoke Mwanza. Chumba cha mbele cha nyumba yao, karibu na stendi, kilikuwa na meza, jiko la mkaa la kupashia chuma cha kulehemia, na rafu zilizojaa redio kubwa za mbao ambazo hazikuwa zimetamka neno kwa miaka.

Hizo ndizo redio za valvu. Wakulima walizinunua zamani, pamba ilipokuwa na heshima yake. Ndani zina vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya kaa la moto, na kichupa kimoja kikifa, redio nzima inageuka kabati. Valvu zilikuwa hazipatikani kabisa. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa yakiuza viberiti na kisingizio yakajaa sabuni za rangi, vitenge na baiskeli, na kila mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka akajiita mfanyabiashara. Thomasi, mume wa Generoza, mwenyekiti wa kigango cha kanisa, mtu anayefumba macho kusali hata kabla ya kunywa maji, akaenda Kenya akikariri njiani namba za valvu alizofundishwa na mkewe.

Akarudi na maboksi yamejaa.

"Na ushuru?" Generoza alimuuliza. Alishasikia jinsi vitu vya namna ile vinavyotozwa mpakani, hadi mtu anajuta kuvijua.

"Nimeongea nao vizuri."

"Wewe? Watu wa forodha wakakusikiliza wewe?"

"Mungu amefungua njia, mama. Tushukuru." Akafumba macho.

Generoza hakuwa mtu wa kushukuru kabla ya kukagua, ila valvu alizozitoa kwenye boksi zilikuwa valvu kweli. Akazichomeka kwenye redio ya mzee Maige, akaunganisha betri ya lori, akangoja. Wekundu ukapanda taratibu ndani ya kioo. Redio ikakohoa, ikasema. Generoza akafuta machozi kwa kiwiko, haraka, kabla mtu hajamwona akiwa na furaha.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anatoka kisimani. Felisita, jirani yake muuza mchele, alikuwa amekaa kibarazani anapepeta.

"Mwangaluka, Felisita."

"Ee, leo salamu unagawa bure? Si tumeshasalimiana, mayu?"

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, ukiwa ndani. Nimekuita dirishani, nikakuuliza mhola? Ukaniitikia, mhola duhu. Tena kwa upole. Nikasema leo Generoza ameamka na mtu gani."

Generoza alitazama mlango wake. Kufuli lilikuwa pale pale alipoliacha, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Akasema moyoni kwamba Felisita anazeeka. Hivyo ndivyo tunavyofanya sote. Tunamgawia jirani uzee ili sisi tulale.

Lakini mambo yaliongezeka. Mteja alikuja kuchukua redio yake, akaondoka nayo akiaga upande wa rafu. Mwingine alisimama mlangoni akaeleza tatizo la redio yake kwa kirefu, akinyamaza kidogo, akiitikia, akicheka, huku Generoza amesimama pembeni yake na hajasema lolote. Chumba kikaanza kunuka. Kwanza harufu ya vumbi linalounguzwa na kioo cha moto, ambayo kila fundi anaijua; kisha chini yake harufu ya udongo uliochimbuliwa asubuhi hiyo hiyo; kisha, na hii ndiyo iliyomtoa nje mbio, harufu ya nywele zake mwenyewe, mafuta yake mwenyewe ya samli, ikitoka upande ambao yeye hakuwepo. Siku moja chuma cha kulehemia kilimgusa kidole. Aliona ngozi ikifanya malengelenge. Hakuhisi kitu.

Jumapili, baada ya misa, akina mama walikuwa wanashikana mikono nje ya kanisa. Akanyoosha wake. Ukabaki hewani. Akasalimia kwa Kiswahili, akasalimia kwa Kisukuma, akamtaja kila mmoja kwa jina la baba yake. Hakuna aliyegeuka. Na kwetu salamu si mchezo. Asiyekuitikia amekwisha kukuhukumu.

"Nimewakosea nini wale?" alimuuliza Thomasi njiani.

"Hujawakosea."

"Sasa mbona hawanisikii?"

"Labda umechoka, mama. Sauti yako imekuwa ndogo." Alijibu akitazama barabara. Ila alijibu. Generoza akaona kwamba katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa bado anamsikia, na mtu huyo hakuonekana kulishangaa jambo hilo hata kidogo.

Jioni ya Jumanne alichelewa sokoni kwa sababu hakuna muuzaji aliyemhudumia. Aliporudi jua lilikuwa linazama, na alipoweka mguu uani akasikia bakuli likigonga meza ndani, akasikia maji yakimiminwa, akasikia mumewe akisafisha koo kama anavyofanya akishiba, na kabla hajaita hodi ya mzaha aliyozoea kuita akasikia sauti ya mwanamke ikiuliza kwa upole, upole ule ule aliousema Felisita, kama aongezewe ugali, na sauti hiyo ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno, mkwaruzo alioupata Generoza utotoni alipougua surua, ambao hakuna mtu mwingine duniani aliye nao.

"Inatosha, mama," Thomasi alisema mle ndani.

Generoza akasukuma mlango. Thomasi alikuwa peke yake mezani. Pembeni, juu ya kiti ambacho Generoza hukalia, ilikuwa redio ya valvu imefunguliwa mgongo. Nyaya za betri zilikuwa zimechomolewa, zinaning'inia. Valvu zilikuwa zinawaka.

"Nilikuwa nasikiliza redio," Thomasi alisema.

"Redio gani inayouliza kama umeshiba?"

Akasogeza bakuli, akafumba macho, akaanza sala ya baada ya chakula.

Alfajiri Generoza alipanda lori la pamba hadi kijiji cha Lingeka. Utingo alizungukia abiria wote akikusanya nauli, akamruka. Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alikaa juu ya marobota akijishika mikono yote miwili, asijue kama anajishika kwa nguvu au hajishiki kabisa.

Mfumu aliyemfuata, mganga wa Kisukuma, aliitwa Milembe. Hakuwa na ngozi ya chui wala vibuyu vya kutishia wageni. Alikuwa amevaa sweta na alikuwa anachambua kunde. Aliinua kichwa Generoza alipoingia uani, na Generoza karibu aanguke kwa shukrani, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amemtazama.

"Karibu, mayu. Nani amekulilia?"

"Hakuna. Sijafa."

"Hilo tunalijua mimi na wewe. Lakini umeliliwa. Kwa machozi kabisa, mbele ya mtu mwenye mamlaka." Milembe akamsogezea kigoda. "Sikiliza. Kuna majini hawana jina wala kwao. Hukaa mipakani, pale watu wanapotaja majina yao na mali zao kwa sauti. Wanasikiliza tu, kama madalali. Ukitamka pale kwamba fulani amekufa, na kaburi hakuna, jina lake linabaki wazi. Jini anaingia humo."

"Na mwenye jina?"

Milembe alirudia kunde zake. "Anatoka kidogo kidogo. Kwanza salamu. Kisha ngozi. Ikifika sauti, mimi sitakusikia tena. Twende leo."

Walifika Bariadi mchana, jua liko utosini. Thomasi aliposikia hodi ya Milembe alitoka na tabasamu la kigango. "Karibu, mama. Sisi nyumba hii ni Wakatoliki, lakini mgeni ni mgeni."

"Nami nilibatizwa," Milembe alisema, akaingia, akakaa. "Nieleze, baba. Hizi chupa zilivukaje?"

Thomasi alipenda kueleza. Akakaa vizuri. "Ah, ile ilikuwa shughuli. Ofisa alikuwa na kitabu kinene hivi. Kila kitu duniani kimo mle, kina kundi lake na ushuru wake. Akashika valvu, akasema hii ni taa. Nikamwambia si taa, haimuliki. Akafungua kurasa za vyombo vya kioo. Nikamwambia hainywewi kitu. Akafungua vipuri vya redio, ushuru ukapanda. Akafunua zaidi, akaikuta valvu yenyewe kwa jina lake. Hapo ndipo nilipoona ningekuja na boksi tupu."

"Ungelipa," Generoza alisema. Sauti ilitoka kama karatasi inayoburutwa. "Tungeanza na chache."

Thomasi alimsikia, kope zake zilicheza. Akaendelea kumwambia Milembe. "Mbele yangu alikuwepo kijana ana cherehani na godoro. Mizigo ya marehemu baba yake. Yule ofisa akamwambia pole, pita. Hiyo haitozwi."

Nafikiri hapo aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Kisha zamu yako," Milembe alisema.

"Kisha zamu yangu."

"Na marehemu wako alikuwa nani?"

"Mjomba," Thomasi alisema. "Nilisema ni za mjomba wangu."

Kwenye kona, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha Generoza, kile cha kuwachekea wateja wanaochungulia nyuma ya pazia, na midomo ya Generoza ilikuwa imefungwa. Valvu zilizokuwa kwenye redio zikawaka. Zilizokuwa rafuni zikawaka. Zilizokuwa bado ndani ya maboksi, zimefungwa kwa karatasi, zikawaka hadi maboksi yakaonekana kama yana damu ndani, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba mchana ule mweupe.

"Mjomba wako alijua valvu tangu lini, baba?" sauti iliuliza kwa upole.

Generoza alimtazama mumewe. Alikuwa ameshaelewa tangu Lingeka, ukweli ni huo, lakini kuna kuelewa na kuna kuona mtu akitafuta pa kuweka macho yake. Aliona kila kitu. Aliona foleni ile, leso ikitolewa mfukoni, pole za watu waliokuwa nyuma. Alijua hata mumewe alilia vipi, kwa sababu alishamwona akilia vile kwenye mazishi ya watu aliowachukia.

"Ukaanza kula naye," Generoza alisema. "Ulijua, ukaanza kula naye."

"Hanigombezi," Thomasi alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

Milembe akasimama. "Serikali imekusamehe ushuru, baba. Huyu hasamehi. Mali ya marehemu lazima iwe na marehemu. Njia ni moja. Ulichokisema kule ukiseme hapa, kwa mdomo wako, ukimtazama mkeo machoni. Mkeo peke yake. Utakayemtazama wakati unatamka, huyo ndiye umemkubali kuwa hai. Yule mwingine ataondoka na kifo ulichokitoa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hakuna mara ya pili."

Generoza akajisogeza hadi mbele yake. Alishika ukingo wa meza na hakuuhisi mkononi. Alitaka kusema neno la kumrahisishia, mzaha wowote, kitu cha kumfanya ainue uso, lakini alipofungua mdomo hakikutoka hata kile kisauti cha karatasi. Kwa hiyo akabaki na macho tu, akayaweka yote kwake, macho ya mwanamke aliyemfundisha namba za valvu moja moja hadi akazikariri, ambaye hakuwahi kumwamini mtu yeyote duniani isipokuwa, kwa uzembe, yeye.

Thomasi akainua uso. Akamwona. Alimwona kabisa, na hilo lisije likasemwa vingine. Alimwona mkewe akiwa hai, anamsubiri, anajua.

Mtu yule aliweza kumtazama ofisa wa forodha machoni na kulia. Aliweza kusali mbele ya watu wote wa kigango. Macho yale hakuyaweza.

"Usiogope, baba," ile sauti ilisema kutoka kona ile ile. "Mimi sina hasira."

Uso wa Thomasi ukaanza kugeuka, polepole, kama wanavyogeuka wanaume wote wenye aibu, kwenda kule ambako hakuna anayewauliza kitu. Milembe alimshika bega. Generoza alinyoosha mkono. Mkono ukampita bila kumgusa. Wekundu wa valvu ukamjaa Thomasi usoni, ukamtuliza, na akiwa ameukazia macho, bila kupepesa, akasema wazi, kwa sauti iliyosikika hadi kwa Felisita kibarazani:

"Nilimwambia ofisa kwamba mke wangu Generoza amekufa."