Mafuta Bado Hayajakauka

Foleni ya duka la vifaa ilikuwa imefika mlangoni, na kila mtu humo alikuwa na haraka zake. Dada mmoja mwenye aproni alinyoosha mkono achukue pakiti ya mwisho ya msasa laini, akakuta mkono mwingine umeshawahi.

"Kaka, huo msasa wa kazi gani?"

"Wa bunduki ya marehemu mjomba. Mtutu umeota kutu."

"Msasa kwenye mtutu?" Dada alishika kiuno. "Afadhali uipige nyundo, ife haraka isiteseke."

Foleni nzima iliangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni yule kaka mwenyewe, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Wewe umejuaje mambo ya bunduki?"

"Tunatengeneza za kuwindia. Baba mdogo anashughulika na chuma, mimi nachonga vitako vya mbao."

"Na hicho cheusi puani?"

"Masizi. Ya kazi."

"Basi jina lako Masizi."

"Na wewe Twiga, kwa shingo hiyo."

Twiga akamwachia msasa, akaondoka na namba ya simu.

Wiki iliyofuata alifika karakanani kuagiza bunduki mpya. Alikuwa amepata kazi ya kuongoza wawindaji porini, na tajiri wake alitaka kila kiongozi afike na silaha yake kabla msimu haujafunguliwa. Baba mdogo akaufunga mtutu, akaisugua bolti ya kuingizia risasi hadi ikateleza kwa kidole kimoja. Masizi alimpima Twiga mkono, bega, na kutoka shavu hadi jicho. Kipimo cha dakika kumi kilikula alasiri nzima.

"Kwani unanishonea suti?"

"Tulia. Kitako cha mwenzio ni kiatu cha mwenzio. Kikiwa kifupi, ukifyatua, darubini inakurudia usoni."

Akawa anakipaka chuma masizi ya koroboi, anakilaza kwenye mbao ya mjozi, anakiinua, anakwangua kwa patasi palipobaki weusi, kisha anarudia. Siku zilipita hivyo, hadi kati ya chuma na mbao pasingepita hata karatasi. Ndipo akamwita mwenyewe.

"Fumba macho. Inyanyue begani. Haya, fumbua."

Twiga alifumbua. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshakaa katikati ya darubini, bila kutafuta.

"Unaona nini?" Masizi aliuliza.

"Naona harusi."

Baba mdogo alikohoa huko kwenye kona yake, na Masizi akajifanya kutafuta patasi aliyoishika mkononi.

Ilibaki kupaka kitako mafuta, tabaka juu ya tabaka, mikono kumi na miwili, kila mmoja ukisuguliwa kwa kiganja hadi mbao ipate joto, kisha uachwe ukauke. Mkono wa mwisho ulikauka wiki tatu kabla ya msimu. Masizi aliugusa, akaugusa tena. Msimu ulikuwa wa miezi sita, na huko porini simu zilikuwa za kubahatisha. Moyo ukamwambia kwamba anayekwenda vile harudi alivyokuwa. Simu ikalia.

"Masizi wangu, mtoto wetu hajambo?"

"Bado, mpenzi. Mafuta hayajakauka."

"Mafuta gani yanadeka hivi?"

"Yamemfuata mwenye bunduki."

Aliifunga bunduki kitambaani na kuisukuma nyuma ya mbao. Baba mdogo alimwona, akaguna, akarudi kwenye chuma chake. Kila Twiga alipouliza, jibu lilikuwa lile lile, mpaka siku ya mwisho.

"Gari la kambi linaondoka kesho asubuhi."

"Basi subiri, Twiga. Usiende."

"Kazi haisubiri, mpenzi. Tajiri ataniazima ya kwake."

Hilo Masizi hakulipigia hesabu. "Tajiri wako mrefu?"

"Ananifika kifuani. Kwa nini?"

Hapo ndipo angemwonya kuhusu kitako kifupi. Lakini kusema kulitaka autoe na uongo wa wiki tatu, na aibu ikamziba mdomo.

"Hamna kitu. Safari njema."

Miezi miwili namba ya Twiga haikupatikana. Masizi aliamini ameshapata mwingine. Mchana alimtukana moyoni, na jioni alipiga tena.

Twiga akarudi bila taarifa, saa sita mchana, miwani myeusi usoni, shati limekunjamana. Aliivua ile miwani. Kovu lilikuwa limepasua nyusi, na jicho la kulia limefumba moja kwa moja.

"Risasi ya kwanza tu. Darubini ikanirudia, kama ulivyosema. Madaktari wamehangaika wee, jicho likagoma. Sikupiga simu, sikutaka unione hivi." Akamshika mkono. "Uliniambia nisubiri, nikawa kichwa ngumu. Nisamehe, Masizi. Nimekuja kuuliza kama mwenye chongo bado anatakiwa."

Angeweza kuitikia tu, na mambo yakaishia hapo. Lakini hakuweza kuvumilia kuombwa msamaha yeye.

"Mafuta yalikuwa makavu," alisema. "Wiki tatu kabla hujaondoka. Nilikudanganya ili ubaki."

Twiga aliuachia ule mkono. Alitazama karakana yote, akauona mzigo wa kitambaa nyuma ya mbao, akaufungua. Akafumba jicho lake lililobaki, akainyanyua bunduki begani, akafumbua. Shavu lilitua pale pale lilipochongewa.

"Imenikaa," alisema. "Mbona huniulizi naona nini?"

Masizi alilia kwa sauti, bila kujificha. "Nitachonga kingine, cha bega la kushoto. Naanza leo hii. Twiga, mpenzi, nipe nafasi hiyo tu."

Twiga aliilaza bunduki mezani taratibu, akavaa miwani.

"Na hicho," aliuliza kwa upole, "mafuta yake yatakauka lini?"

Alingoja jibu kidogo, kama mteja mwingine yeyote, kisha akatoka.