Jino la Mbele la Nyatichi

Kila asubuhi Nyatichi alikaa chini kando ya banda la samaki, ufuoni mwa ziwa, karibu na soko la Kisegi. Alitandaza wavu mapajani na kuanza kazi.

Kazi yake ilikuwa kushona nyavu zilizoraruka. Mkono wa kushoto ulishika tundu. Mkono wa kulia ulishika sindano ya mbao yenye uzi wa nailoni. Akishafunga fundo, aliinamisha kichwa, akauma uzi. Kat! Uzi ukakatika. Mdomo ulikuwa mkono wake wa tatu.

Mumewe, Austine, ndiye aliyemfundisha. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Samaki walipopungua, Austine aliacha ziwa. Akaenda kuchimba dhahabu Osiri, kule Migori. Alirudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Mama yake Austine alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo Nyatichi aliishi peke yake katika boma lile.

Yeye alikuwa Mkisii. Dholuo, Kijaluo cha watu wa pale, alikielewa kidogo tu. Akikisema, watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Basi alizungumza nao Kiswahili, maneno machache, kisha akarudi kwenye wavu wake. Wanawake walioanika omena, wale dagaa wa ziwani, walimwita Nyar Kisii, maana yake binti wa Kisii. Wengi wao hawakujua kwamba ana jina jingine.

Lakini kulikuwa na Cephas, mzee mwenye mashua tatu. Cephas alipenda kusimama mbele yake na kupaza sauti.

"Mwoneni Nyar Kisii! Nyinyi bado mnatafuta kisu, yeye ameshamaliza. Meno kama wembe!"

Watu waligeuka kumtazama. Nyatichi aliinama asionekane akitabasamu. Pale ufuoni hakuwa na sifa nyingine. Kwa hiyo alizidi kuuma nyuzi, na kuuma haraka zaidi.

Siku moja alipouma uzi, alisikia kitu kikivunjika. Kipande kidogo cheupe kilianguka juu ya wavu. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Alipitisha ulimi kwenye jino la mbele, la juu. Lilikuwa na pengo dogo lenye ncha kali.

Halikumuuma sana. Alihisi ganzi tu akinywa maji baridi. Akakitupa kile kipande mchangani, akaendelea kukata uzi kwa jino la pili.

Baada ya wiki kadhaa, jino lile liligeuka rangi, likawa la kijivu. Juu yake ufizi ulivimba. Kijipu kikatokea, kikapasuka, kikatokea tena. Asubuhi aliamka na ladha mbaya mdomoni. Akapumulia kwenye kiganja chake, akanusa. Akakifuta kiganja kwenye nguo kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Alipopiga mswaki, fizi zilitoka damu. Akafikiri mswaki ndio unaomuumiza. Akauweka kando. Akasaga kidonge cha kutuliza maumivu na kukibandika kwenye ufizi. Kilimchoma. Ngozi ya ufizi ikawa nyeupe, ikambanduka.

Kisha Nyatichi akaacha kuongea.

Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hata zamani hakuongea sana. Alipoagiza sukari dukani, alionyesha kwa kidole. Siku ya Sabato alikaa mwisho wa benchi, akachezesha midomo tu wakati wa kuimba. Sabato moja, mama aliyekaa jirani yake alitoa kitambaa akakiweka puani. Labda yule mama alikuwa na mafua. Nyatichi hakungoja kujua. Sabato iliyofuata alibaki nyumbani. Alikaa kitandani na Biblia mapajani, akisikia kwaya kwa mbali.

Austine alizoea kupiga simu saa kumi na moja jioni. Nyatichi alijua kwamba harufu haipiti kwenye simu. Hata hivyo, aliisogeza simu mbali na mdomo.

"Njoo Osiri wiki moja," Austine alimwambia. "Nimepata chumba kizuri. Hiki kina mlango unaofunga."

"Sitaweza."

"Kwa nini?"

"Nyavu ni nyingi."

"Nyavu!" Austine akasema. "Mwezi uliopita ulisema mvua. Kabla ya hapo ukasema kuku. Nyatichi, nikuulize kitu. Kuna mtu?"

Nyatichi alitaka kusema. Lakini alijiona amelala karibu na Austine katika chumba kile, na Austine akigeuka kuelekea ukutani. Ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye jino. Akachelewa kujibu.

"Haya. Nimesikia," Austine akasema. Akakata simu.

Hakuwa amesikia kitu chochote. Kesho yake hakupiga. Wiki nzima hakupiga. Ikifika saa kumi na moja Nyatichi aliitazama simu, kisha akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji.

*

Jumatatu moja, jirani yake Roseline alipiga hodi. Roseline alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akiuliza habari za wagonjwa na watoto.

"Nyara, binti yangu! Mbona umejifunga leso usoni kama mtu wa kwenda kuiba?"

"Ni baridi, mama."

"Baridi gani na mimi natoka jasho? Fungua mdomo."

"Sina shida."

"Sijakuuliza kama una shida. Nimesema fungua."

Nyatichi akafungua. Alifumba macho, akangoja Roseline arudi nyuma. Roseline hakurudi nyuma. Alisogea karibu zaidi, akamshika kidevu.

"Hii ni ya tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Yawa! Miezi mitatu, na mimi niko nyumba ya pili?" Roseline aliketi kwenye kigoda. "Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Watanitoa jino. Na wale mama wa omena walisema, ukitoa jino la juu macho yanaharibika."

"Mimi nimetolewa mawili ya juu. Na nimeona kutoka kule kwa lango kwamba shavu limevimba chini ya leso. Macho yangu yana shida gani?"

Nyatichi alitaka kucheka. Akajizuia.

"Jino likitolewa na mtaalamu, jicho halidhuriki," Roseline akasema. "Cha kuogopa ni kuliacha hivi. Usaha unaweza kusambaa. Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni, au ukishuka shingoni, au ukipata homa, au ukishindwa kumeza, usingoje hata kupambazuke. Kesho nenda mjini, kliniki ya meno. Ningekusindikiza, lakini nina chanjo ya watoto."

Basi Nyatichi alikwenda Homa Bay peke yake. Katika foleni kila mgonjwa alikuwa na mtu: mtoto na mama yake, mzee na binti yake. Kiti kilichokuwa kando ya Nyatichi kilibaki kitupu mpaka alipoitwa.

Aliyemhudumia alikuwa Mokua, kijana mtaalamu wa meno. Mokua alisoma jina lake kwenye kadi, akainua macho.

"Bwakire," akasema. Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kikisii.

Machozi yakamtoka Nyatichi.

"Linauma hivyo?" Mokua akauliza.

"Hapana. Ni hiyo salamu tu."

Mokua alimpa karatasi ya kujifutia, akangoja. Kisha akawasha taa na kuangalia kwa kioo kidogo.

"Unakata nini kwa meno haya? Naona alama, kama uzi umepita hapa miaka mingi."

"Uzi wa nyavu."

"Mara ngapi kwa siku?"

Nyatichi alifikiri. "Labda mia mbili."

"Mia mbili!" Mokua aliweka kioo chini. "Jino lina ganda gumu sana, dada. Lakini halikuumbwa kuwa kisu. Likipata ufa, halijiungi tena kama mfupa. Ndani ya jino kuna kiini, ndimo mna damu na mishipa. Vijidudu vimepita kwenye ufa vikafika huko. Kiini kimekufa. Usaha umetafuta pa kutokea, ukapata ufizi. Harufu inatoka hapo."

"Utaling'oa?"

"Tupige picha kwanza. Mzizi ukiwa imara, tutaliokoa. Ukiwa umeharibika, tutaling'oa, na baadaye unaweza kuwekewa la bandia. Hata hivyo hutakufa, na hutapofuka."

Picha ilionyesha kwamba mzizi ulikuwa imara. Mokua alimdunga sindano ya ganzi. Sindano iliuma kidogo, kisha upande mmoja wa mdomo wa juu ukawa kama si wake. Mokua akatoboa jino kwa nyuma, akasafisha ndani, akaweka dawa. Nyatichi alishika mikono ya kiti. Hapakuwa na mkono mwingine wa kushika.

"Utarudi baada ya wiki mbili nilizibe kabisa," Mokua akasema. "Hiyo sehemu iliyovunjika nitaijaza kwa dawa nyeupe. Sasa niambie. Mswaki uliacha?"

"Damu ilikuwa inatoka."

"Wengi hufanya hivyo. Lakini ufizi unatoka damu kwa sababu kuna uchafu umekaa pale. Ukiacha mswaki, uchafu unaongezeka, na damu inazidi. Uchafu ukikaa muda mrefu unakuwa ukoga mgumu kama jiwe. Huo mswaki hauutoi. Nitaukwangua mimi leo."

Akaukwangua. Nyatichi alisikia ukitoka, vipande vidogo vidogo. Alipotema, aliona damu, akaogopa. Mokua akamwambia itapungua.

Kisha akachukua mswaki laini na meno ya plastiki, akamwonyesha. "Weka hapa, jino linapokutana na ufizi. Zungusha polepole. Usisugue kama sufuria yenye ukoko. Nje, ndani, na juu ya magego. Dakika mbili asubuhi, dakika mbili kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe yenye floraidi, inaimarisha ganda. Ukimaliza, tema tu, usisukutue kwa maji mengi. Mswaki wako uwe wako peke yako. Nywele zake zikilala, nunua mwingine. Na ukiwa kazini unakunywa nini?"

"Chai. Nabeba chupa nzima."

"Na sukari?"

"Vijiko vinne. Kwa kikombe."

"Kwa hiyo meno yanaoga sukari tangu asubuhi mpaka jioni. Chai yenye sukari kunywa wakati wa chakula, na upunguze vijiko. Katikati ya kazi kunywa maji. Vidonge vya maumivu ni vya kumeza, si vya kubandika. Na kati ya meno unasafisha na nini?"

Nyatichi aliona haya. "Uzi wa nyavu."

Mokua alicheka, na Nyatichi naye akacheka, upande mmoja tu wa mdomo ukicheka kwa sababu ya ganzi.

"Huo unakata ufizi. Kuna uzi laini wa meno, upo duka la dawa. Wa nyavu waachie samaki."

*

Nyatichi alinunua mkasi mdogo, akaufunga kwa kamba na kuuvaa shingoni. Siku za kwanza alisahau. Kichwa kiliinama chenyewe kuelekea uzi. Kazi ikawa ya polepole.

Cephas akaja, akasimama mbele yake. "Nyar Kisii! Wembe umeisha makali?"

Zamani Nyatichi angeinama. Sasa alisema, "Wembe nimeuweka wa kulia nyama, mzee. Uzi wako utakatwa na chuma."

Wanawake wa omena waliangua kicheko. Mmoja wao, Mellen, aliacha omena zake, akaja na kuchuchumaa kando yake. Alivuta shavu kwa kidole, akamwonyesha gego lililotoboka.

"Na hili? Hata hili wanaweza kuziba?"

"Waonyeshe. Tundu likiwa dogo, wanaziba siku hiyo hiyo. Usingoje liume kama nilivyofanya mimi."

"Unaitwa nani hasa?" Mellen akauliza.

Akamwambia.

Alirudi mjini baada ya wiki mbili. Jino likazibwa. Fizi ziliacha kutoka damu, zikashikamana na meno. Harufu ikaisha. Sabato aliimba, na yule mama wa kitambaa alimsogelea wasome wimbo katika kitabu kimoja.

Lakini ilipofika saa kumi na moja jioni, simu bado haikulia. Mtaalamu alikuwa ameponya jino. Ule ukimya haukuwa kazi yake.

Jioni moja Nyatichi akapiga yeye. Simu iliita mara nne.

"Eeh," Austine akasema.

"Ni mimi."

"Najua. Jina limetokea kwa simu."

"Austine, hakuna mtu."

Nyuma ya Austine mashine za kusaga mawe zilinguruma.

"Kulikuwa na jino," Nyatichi akasema.

"Kulikuwa na nini?"

"Jino. La mbele. Lilivunjika nikikata uzi, likaoza ndani. Nilikuwa nanuka mdomo. Niliona aibu kuja kwako."

"Jino."

"Ndiyo."

"Mimi mwezi mzima chakula hakipiti. Wenzangu wananiuliza nimefiwa na nani. Kumbe ni jino?"

"Pole."

"Na linaitwa nani hilo jino? Nitajie jina, nije tupigane."

Nyatichi alicheka mpaka akakohoa. Austine hakucheka. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa chini.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kukata hivyo."

"Hata wewe hukujua."

"Ungeniambia tu, Nyatichi. Ningekuja hata kwa miguu."

"Sasa nakuambia."

Na akamwambia. Alianza na kile kipande kilichoanguka juu ya wavu. Akasimulia kidonge kilichomchoma, leso, macho ya Roseline, foleni na kile kiti kitupu. Maneno yalitoka mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Alipofika kwenye salamu ya Mokua, alinyamaza kidogo ili Austine aseme kitu.

Austine hakusema kitu. Nyatichi akaitazama simu. Salio lilikuwa limekwisha zamani. Alikuwa akiongea peke yake, na kuku wawili mlangoni wakimsikiliza.

Simu ikalia.

"Nilisikia mpaka leso," Austine akasema. "Halafu?"

"Halafu kuna mengi sana."

"Mimi nimeketi. Endelea."

Nyatichi akavuta kigoda, akaketi na yeye.