Viduara Thelathini na Kimoja

Umeshaona muntu anayejua kuhesabu samaki wa ziwa zima, akashindwa na kiduara kimoja cha kalamu? Huyo njo Arlette, mtoto wa Mama Léontine wa hapa Kalemie.

Alisoma primeri hapa, hesabu akaisomea Lubumbashi, akaongeza diplomi Kigali, mpaka kampuni moja ya Kinshasa ikampa biro. Kazi yake ni kukusanya namba nyingi na kuzifundisha mashini, ili mashini iseme kesho kutakuwa nini.

Mwaka jana walimtuma kwao kutafuta namba za ziwa. Pale pwani wanaposhusha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, katikati ya makelele, akamkanyaga mtu. Arlette alivaa kikwembe cha kijani chenye maua ya manjano, na viatu vya Kinshasa visivyozoea mchanga.

"Mama, huo mguu ni wangu."

"Samahani, Papa."

"Papa wa nani? Mimi ni Ulrich, sekretere wa komite ya wavuvi."

Ulrich alikuwa na daftari: kila siku upepo, mwezi, na makasha ya ndagala. Arlette akalipenda daftari, kisha mwenye daftari. Aliporudi Kinshasa, kila Jumamosi Ulrich alimtumia picha za kurasa, halafu wanapigiana simu.

"Umekula, sheri wangu?" Arlette anauliza.

"Nimekula. Na mashini yako?"

"Imekula namba zako zote, bado ina njaa."

Lakini pembeni ya siku zingine kulikuwa na kiduara. Arlette akalinganisha na upepo, hapana. Na mwezi, hapana. Na samaki, hapana. Akamwuliza Ulrich.

"Hiyo si ya mashini," Ulrich akasema, akakata simu.

Mama Léontine naye alipopiga simu alisema, "Siku hizi sinunui ndagala, wananiletea." Arlette hakusikiliza vizuri, alikuwa anahesabu viduara.

Halafu kampuni ikampandisha: direkta wa data, mwenye watu kumi na wawili chini yake. Ulrich akasema tu, "Hongera, Mama Direkta." Tangu hapo viduara vikakoma, na picha zikaja bila salamu. Vilikuwa thelathini na kimoja. Siku hizo zote Ulrich alikuwa kwa mwanamke gani? Na sasa amemwoa, ama? Mbele ya wakubwa Arlette alieleza kila namba. Namba hii ilimzungusha kichwa. Akaomba siku tano, akapanda ndege.

Akamkuta Ulrich pwani na daftari lake.

"Niambie jina lake."

"La nani?"

"La mwanamke wa viduara."

Ulrich akaangalia miguu yake. "Anaitwa Mama Léontine."

"Mama yangu?" Arlette akachanganyikiwa zaidi.

"Kila kiduara ni siku nilienda kumwuliza kama naweza kutuma wazee wangu kukuomba. Akifungua mlango, naogopa, namwachia ndagala, narudi. Ukawa direkta, nikaacha. Direkta atafanya nini na mimi?"

"Direkta alidhani umeoa," Arlette akasema. "Twende."

Mama Léontine akafungua, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Ulrich, ulipotelea wapi? Umeleta ndagala?"

Arlette akasimama nyuma ya Ulrich, hakumsukuma, hakumsaidia.

"Hapana, Mama. Leo sikuleta ndagala. Nataka Arlette awe bibi yangu. Niruhusu nitume wazee."